Rimu, Rula na Askari: Historia Fupi ya Sheria Moja ya California

Sheria nyingi zinazowaonea watu zilitungwa na watu wenye nia njema. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hulipokea jambo hili kwa shida, kwa kuwa wengi huja darasani wakiamini kwamba kila dhuluma ina mtunga sheria mwovu nyuma yake. Kwa wanaoamini hivyo, napendekeza wachunguze historia ya kifungu cha 24008 cha sheria ya magari ya jimbo la California, nchini Marekani. Kilihusu jambo dogo sana: umbali kati ya rimu ya gari na uso wa barabara. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka sitini kifungu hicho kilisaidia kuamua nani apite mtaani kwa amani na nani asimamishwe.

Kilitungwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Kiliharamisha kuendesha gari la abiria ambalo limebadilishwa kutoka muundo wake wa awali kiasi kwamba sehemu yake yoyote, ukiacha magurudumu, inakuwa karibu zaidi na barabara kuliko ukingo wa chini wa rimu, au ringi kama mafundi wetu wanavyoiita. Kihandisi, kanuni hiyo ina mantiki. Tairi likipasuka, gari hushuka mpaka rimu iguse lami. Ikiwa bomba la breki, tangi la mafuta au tairodi ya usukani imening'inia chini kuliko rimu, hicho ndicho kitakachoburuzwa kwanza, na dereva atapoteza breki au usukani katika dakika ile ile anayovihitaji zaidi. Mhandisi mwaminifu angeweza kuandika sheria hii bila kumfikiria mtu wa rangi wala kabila lolote.

Lakini sheria haitui juu ya ardhi tupu. Ili tuielewe, yatupasa kurudi nyuma hadi Juni 1943, vita vya pili vya dunia vikiendelea. Katika siku hizo mabaharia na askari wazungu walizunguka mitaa ya Los Angeles wakiwapiga vijana wenye asili ya Meksiko na kuwavua suti zao pana zilizoitwa zoot suit. Halmashauri ya jiji ilijibu kwa kupitisha azimio la kutaka uvaaji wa suti hizo ufanywe kosa. Tafakari mantiki hiyo: aliyepigwa ndiye aliyeonekana tatizo, na ushahidi dhidi yake ulikuwa nguo yake. Tayari palikuwapo mazoea ya kumtambua mkosaji kwa mwonekano wake.

Vita vilipokwisha, vijana wa jamii hiyo, ambao baadaye wangejiita Wachicano, waliingia katika uchumi wa viwanda na kupata fedha za kununua magari yaliyotumika. Vijana wa kizungu wa California wakati huo walipenda magari ya mbio: injini kubwa, sehemu ya nyuma iliyoinuliwa, kasi. Wachicano walichukua njia ya kinyume. Walitaka gari litembee chini na polepole, lionekane, na mwenye gari aonekane ndani yake. Mwanzoni walipakia mifuko ya mchanga kwenye buti. Kisha wakakata springi, au wakaingiza vipande vya chuma au mbao kati ya springi na ekseli ili bodi ishuke. Magari haya yakajulikana kama lowrider.

Magurudumu nayo yalibadilishwa. Walipenda rimu ndogo zenye kromu, na baadaye rimu za spoku za inchi 13, pamoja na matairi membamba yenye mstari mweupe ubavuni. Mabadiliko ya namna hii yana gharama zake za kifundi, na ni haki kuzitaja. Tairi lenye mzingo mdogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita, hivyo kipima mwendo huonyesha kasi kubwa kuliko ile halisi. Rimu inayolisukuma gurudumu nje, sawa na spesa inayopachikwa kati ya habu na rimu, huhamisha uzito mbali na mahali ulipokusudiwa, na beringi na stadi hubeba mzigo wa ziada. Spesa mbovu, au nati zisizoshika nyuzi za kutosha, zinaweza kulifanya gurudumu lichomoke njiani. Kwa hiyo serikali inayojishughulisha na rimu na matairi ya raia haifanyi jambo la kipuuzi.

Tatizo la kifungu cha 24008 ni kwamba kilipima kitu kimoja tu, kimo, na kimo huonekana kwa macho kutoka mbali. Nati iliyolegea haionekani kutoka ng'ambo ya barabara, wala breki iliyochakaa. Gari lililoshushwa huonekana, na dereva wake huonekana pia. Askari aliyetaka kumsimamisha kijana wa Kichicano hakuhitaji kubuni sababu, kwa kuwa sheria ilikuwa imekwisha kumpa. Baada ya hapo yangefuata maswali ya leseni, ya buti lina nini, ya unatoka wapi. Hivyo kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya siku ya kupasuka kwa tairi ikawa inatumika zaidi siku ambazo hakuna tairi lililopasuka.

Jibu la mtaa lilikuja upesi, nalo lilikuwa la kifundi. Mwaka 1959 fundi kijana aitwaye Ron Aguirre alifunga katika Corvette yake, iliyopata umaarufu kwa jina la X-Sonic, mfumo wa haidroliki uliotokana na pampu na vali za ndege za kijeshi zilizouzwa kama mabaki. Kwa kubadili swichi, gari lilipanda na kushuka. Akimwona askari, aliinua. Askari akipita, alishusha. Leo watu hushangilia magari yanayoruka juu chini kwenye maonyesho na kudhani ni mchezo tu. Asili yake ni utii wa kejeli: raia aliipa sheria kimo ilichodai, kwa dakika ilizokidai, kisha akaendelea na maisha yake. Gari lile lile, likiwa na dereva yule yule, lilikuwa halali na haramu ndani ya dakika moja, na hatari yake barabarani haikuwa imebadilika hata kidogo.

Katika miaka ya 1970 gari hili likawa sehemu ya siasa. Barabara ya Whittier, Mashariki ya Los Angeles, ilikuwa uwanja wa matembezi ya magari ya wikiendi. Barabara hiyo hiyo ndiyo ilikuwa njia ya maandamano ya Wachicano dhidi ya vita vya Vietnam, tarehe 29 Agosti 1970. Siku hiyo mwandishi wa habari Ruben Salazar aliuawa ndani ya baa kwa kombora la gesi ya machozi lililofyatuliwa na askari wa kaunti. Mwaka 1977 vijana wa San Jose walianzisha jarida la Low Rider, na magari yakapata sauti ya maandishi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1979, vyombo vya usalama viliifunga barabara ya Whittier kwa matembezi hayo.

Miji mingine ilifuata kwa sheria ndogo. Mingi iliharamisha kupita mara kwa mara mbele ya kituo kimoja cha ukaguzi ndani ya muda uliowekwa. San Jose ilifanya hivyo mwaka 1986, na National City, karibu na San Diego, mwaka 1992. Tuwe waadilifu: wenye maduka walilalamika, misongamano ilikuwapo, na ugomvi wa magenge katika baadhi ya maeneo haukuwa hadithi ya kutungwa. Lakini tazama kilichoharamishwa. Ugomvi ulikuwa na sheria yake, na wizi ulikuwa na sheria yake. Sheria mpya ilimkamata yule ambaye hakugombana wala kuiba, aliyepita tu mara nyingi kuliko ilivyotakiwa.

Kinaya ni kwamba taasisi za taifa hilo zilikuwa zikiyapokea magari hayo hayo kwa heshima. Mwaka 1990 Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani ilijipatia lowrider kutoka kijiji cha Chimayó, New Mexico. Mwaka 2017 gari liitwalo Gypsy Rose, Chevrolet Impala ya mwaka 1964, liliingizwa katika orodha ya kitaifa ya magari ya kihistoria na kuonyeshwa katika uwanja mkuu wa jiji la Washington. Ndani ya kioo lilikuwa urithi. Barabarani lilikuwa kosa.

Mabadiliko yaliletwa na wananchi waliojipanga. Vilabu vya magari viliungana, vikahudhuria vikao vya halmashauri, vikaleta wazee na watoto, vikaeleza historia yao. San Jose ilifuta marufuku yake mwaka 2022. National City ilifuta yake mwaka 2023, baada ya kampeni ndefu ya umoja wa wamiliki wa lowrider. Oktoba mwaka huo gavana alitia saini sheria iitwayo AB 436, iliyozizuia mamlaka za miji kuharamisha matembezi ya magari na kukiondoa kizuizi cha kimo cha kifungu cha 24008. Ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2024.

Je, usalama umeachwa yatima? La. Kifungu kingine cha sheria hiyo hiyo, cha 24002, bado kinakataza kuendesha gari lililo katika hali mbovu inayoleta hatari ya papo kwa papo. Askari anayeona tairi lililochakaa au gurudumu linaloyumba bado ana nguvu kamili ya kulisimamisha gari. Tofauti ni kwamba sasa lazima aonyeshe hatari yenyewe. Ujerumani, nchi isiyosifika kwa ulegevu, ilichukua njia inayokaribiana na hiyo. Kule spesa au rimu isiyo ya kiwandani huhitaji cheti cha kitaalamu kinachothibitisha kwamba inalifaa gari husika, na kibali cha gari hukoma pale badiliko linapotarajiwa kuhatarisha watumiaji wa barabara. Huo ni ukali, lakini ni ukali unaokagua chuma. Kijana tajiri na kijana maskini hupimwa kwa karatasi ile ile.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, hasa wanaoandika rasimu za sheria ndogo, fundisho ni la kiutendaji. Kila kanuni iandikwe pamoja na madhara inayokusudia kuyazuia, na kila baada ya muda iulizwe kama bado inayazuia hayo au imepata kazi nyingine. Ukiona kwamba waliokamatwa wanafanana kwa umri, mtaa na mavazi kuliko wanavyofanana kwa makosa, jua kwamba rula imebadilishwa matumizi. Kwa wanaharakati, fundisho ni uvumilivu na usahihi. Wachicano hawakushinda kwa kudai kwamba kila spesa na kila springi iliyokatwa ni salama. Walishinda kwa kutenganisha swali la usalama na swali la heshima, wakalijibu kila moja mahali pake.

Kwa wanafunzi, naacha zoezi. Chukueni sheria ndogo moja ya halmashauri mnakoishi, iwe ya bodaboda, ya wamachinga au ya muziki wa usiku. Andikeni katika safu moja kile inachokipima, na katika safu ya pili madhara inayodai kuyazuia. Kisha nendeni mahakamani mkahesabu ni nani wanaofikishwa huko kwa sheria hiyo. Mkikuta safu hizo mbili hazikutani, mtakuwa mmepata mada ya tasnifu, na huenda pia mmepata hoja ya kupeleka kwa diwani wenu.