Uzoaji wa glutamati

Mizizi hufyonza maji, utumbo hufyonza chakula kilichosagwa. Ndiyo maana mwandishi akitaka kueleza kwa Kiswahili jinsi seli saidizi za ubongo zinavyoiondoa glutamati kwenye sinapsi, neno la kwanza kumjia ni "ufyonzaji". Mimi napendekeza "uzoaji", na sababu yangu kubwa ni nishati.

Glutamati ni nyurotransmita, yaani kemikali inayovusha ujumbe kutoka seli moja ya neva hadi nyingine, na ndiyo kuu kati ya zile zinazoamsha seli za ubongo. Humwagwa kwenye sinapsi, ule mwanya mwembamba kati ya seli mbili, ikafanya kazi yake, kisha lazima iondoke upesi. Ikizidi, huiua seli ileile iliyokusudiwa kuamshwa. Kazi kubwa ya kuiondoa hufanywa na astrosaiti, seli saidizi zenye umbo la nyota, ambazo matawi yake hugusa sinapsi huku na mishipa midogo ya damu kule. Mwaka 1856 tabibu Mjerumani Rudolf Virchow alizipa seli saidizi jina lenye maana ya gundi ya neva, na kwa muda mrefu zilidhaniwa ni za kushikiza tu.

Sasa tazama gharama ya kuiondoa glutamati. Ndani ya astrosaiti glutamati tayari ni nyingi kuliko nje, tena kwa mara maelfu, kwa hiyo haiwezi kuingia hivihivi. Kila molekuli ya glutamati huingizwa pamoja na ayoni tatu za sodiamu na moja ya haidrojeni, huku ayoni moja ya potasiamu ikitoka. Sodiamu hiyo haifai kuachwa ndani. Pampu iliyo kwenye utando wa seli huitoa, ayoni tatu kwa mpigo, na kila mpigo hula molekuli moja ya ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli. Kisha glutamati yenyewe hugeuzwa kuwa glutamini, ili irudishwe kwa seli ya neva bila kuiamsha njiani, na hapo hutumika ATP nyingine. Jumla ni mbili. Na glukosi moja ikivunjwa kwa njia ya glikolisisi, bila kuchomwa kwa oksijeni, faida yake ni ATP mbili hizohizo, na masalio yake ni lakteti mbili.

Luc Pellerin na Pierre Magistretti, wakiwa Lausanne, Uswisi, waliyaona haya mwaka 1994 katika astrosaiti za panya zilizooteshwa maabara. Walipoziwekea glutamati, seli zilichukua glukosi zaidi na kutoa lakteti zaidi. Walipoizuia pampu ya sodiamu kwa kemikali iitwayo ouabain, ongezeko lile likatoweka. Kwa hiyo kilichoamsha umetaboli ni kazi ya kuiingiza glutamati na kuitoa sodiamu inayoandamana nayo. Wao wakapendekeza kwamba lakteti hiyo hupelekwa kwa seli za neva, zikaichoma kwenye mitokondria zao. Wanasayansi bado wanabishana juu ya uzito wa njia hiyo katika ubongo ulio hai, lakini kwamba kuiondoa glutamati kunagharimu nishati, hilo halina ubishi.

Kiharusi kinaonyesha upande wa pili. Damu ikikatika, ATP huisha, pampu husimama, sodiamu hujaa ndani ya seli, na milango iliyokuwa ikiingiza glutamati huanza kuitoa nje. Seli za neva zilizo karibu huanza kufa ndani ya dakika chache.

Kuzoa ni kukusanya kilichomwagika, na mzoaji hutoka jasho. Maana hizo mbili zote zimo katika kazi ya astrosaiti. Wanaoandaa vitabu na kamusi za biolojia waandike "uzoaji wa glutamati", na "ufyonzaji" wauache kwenye mizizi na utumbo.