Shingo na mgongo vinauma ofisini? Mambo 6 ya kukagua kwenye meza ya kompyuta

Ikifika saa tisa alasiri shingo imekaza, vidole vina ganzi, macho yanawasha. Wengi humeza dawa ya maumivu na kuendelea na kazi, kumbe tatizo ni kiti na meza walivyovikuta siku ya kwanza na havijarekebishwa mpaka leo.

Kukagua sehemu ya kazi ya kompyuta hakuhitaji mashine. Futi kamba, karatasi, kalamu na kama robo saa kwa kila mfanyakazi vinatosha. Ila kuna jambo moja la kuzingatia: anakaguliwa mtu akiwa anafanya kazi yake, siyo fanicha ikiwa tupu. Kiti kinachomfaa mrefu wa zamu ya asubuhi kinaweza kumuumiza mfupi wa zamu ya jioni.

1. Kiti. Mgongo uegemee, nyayo zikanyage sakafu. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti vipite vidole viwili au vitatu. Miguu ikining'inia, iwekewe kibao cha kukanyagia.

2. Kibodi na mausi. Viwiko viwe karibu na mwili, vimekunjwa nyuzi 90 hivi, na mabega yamelegea. Mausi ikiwa mbali, bega ndilo linaloumia.

3. Skrini. Iwe umbali wa mkono ulionyooshwa, sentimita 50 hadi 70. Ukingo wa juu ulingane na macho au uwe chini kidogo. Mwenye miwani ya kuonea mbali na karibu ashushiwe zaidi, la sivyo atainua kidevu siku nzima.

4. Mwanga. Dirisha liwe ubavuni. Likiwa nyuma linang'aa kwenye skrini, likiwa mbele linaumiza macho.

5. Chini ya meza. Nyaya zisikatize njia, maboksi yasizuie miguu, na soketi moja isibebeshwe plagi za ofisi nzima.

6. Mapumziko. Kuacha skrini dakika 5 hadi 10 kila saa kunasaidia kuliko kupumzika dakika 20 kila baada ya saa mbili.

Mtego wa laptopu

Skrini na kibodi zake zimeshikana. Ikikaa mezani, shingo inainama. Ikiinuliwa, mikono inaning'inia hewani. Suluhisho la bei nafuu ni kuiinua juu ya rimu mbili au tatu za karatasi, kisha kuchomeka kibodi na mausi za pembeni.

Sheria inasemaje?

Uingereza ina kanuni maalumu za kazi za skrini tangu 1992. Mwajiri analazimika kukagua meza za wanaotumia kompyuta kila siku, na kulipia kipimo cha macho mfanyakazi akiomba. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, na Kenya ina yake ya 2007. Zote mbili zinamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake, na ofisi haijaachwa nje.

Fomu isiishie kwenye faili

Ukaguzi mwingi unakufa hapa. Kila kasoro iandikiwe jina la wa kuirekebisha na tarehe ya mwisho. Ukaguzi urudiwe mtu akihamishwa meza, akipewa kompyuta mpya, akiwa mjamzito au akilalamika maumivu.

Anayesema "naumwa mkono" asichukuliwe kuwa mvivu. Ganzi ya vidole inayomwamsha mtu usiku ni ya kupelekwa kwa daktari mapema, kwa sababu mshipa wa fahamu uliobanwa muda mrefu unaweza usirudi katika hali yake. Kupandisha skrini leo ni kazi ya dakika tano tu.