Mwendokasi na SGR: usafiri wa Dar es Salaam unavyofanya kazi, na reli inafika wapi kwa mkaaji wa Baraka

Sehemu kubwa ya bidhaa za Tanzania zinazoshuka kwenye bandari ndogo za Baraka na Fizi hupitia Kigoma, na kabla ya Kigoma zilitoka Dar es Salaam. Wafanyabiashara wa teritware ya Fizi wanaofuata mali huko wanarudi na maneno mawili: mwendokasi na SGR. Wengine wanadhani ni kitu kimoja, na wengine wamesikia kwamba treni mpya ya umeme tayari inafika Kigoma. Hapana, haijafika. Ni vizuri kujua kila kitu ni nini, kinaishia wapi, na nini bado kinajengwa, kwa sababu anayepanga safari au mzigo kwa habari isiyo sawa anapoteza siku na pesa.

Mwendokasi ni nini?

Mwendokasi ni jina la mitaani la mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam. Wakala wa serikali unaosimamia kazi hiyo unaitwa DART. Mabasi ya kwanza yalianza kubeba abiria mwezi wa tano 2016. Wazo lenyewe ni la zamani: mji wa Curitiba, Brazil, uliyapa mabasi njia zao mwaka 1974, Bogotá ya Colombia ikafuata mwaka 2000, na Lagos ya Nigeria mwaka 2008.

Mabasi hayo hayakimbii kwa sababu yana injini kali. Siri iko barabarani. Katikati ya Barabara ya Morogoro kumejengwa njia za mabasi hayo peke yake. Magari ya watu, kamio na pikipiki haviruhusiwi kuingia. Wakati foleni imesimama pembeni, basi la mwendokasi linapita.

Jambo la pili ni malipo. Abiria hatoi pesa kwa konda ndani ya basi. Analipa getini, anaingia kituoni na kungoja. Kituo kimeinuliwa hadi sakafu yake inalingana na ya basi, kwa hiyo mama mwenye mtoto mgongoni, mzee, au mtu wa kiti cha magurudumu anaingia bila kupanda ngazi. Milango ni mingi, watu wanashuka na kupanda kwa pamoja, na basi linaondoka. Mabasi marefu yenye kiungo katikati yana mita 18 na yanaweza kubeba watu kama 150.

Mwanzoni, mwaka 2016, nauli ya njia kuu ilikuwa shilingi 650 za Tanzania, na mwanafunzi alilipa 200. Baadaye bei ilipanda.

Njia zake

Awamu ya kwanza, iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ina karibu kilomita 21. Inatoka Kimara, inapita Ubungo na Magomeni, mpaka Kivukoni kwenye kivuko cha Kigamboni. Ina matawi mawili: moja linaenda Morocco, upande wa Kinondoni, na lingine linaenda Gerezani, karibu na soko la Kariakoo, mahali wafanyabiashara wengi wa Congo wanapotafuta mali.

Awamu ya pili inafuata Barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala, kilomita 20 na kidogo. Ilifadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Barabara yake ilikaa muda mrefu bila mabasi, na huduma ilianza mwaka 2025. Awamu ya tatu inaelekea Gongo la Mboto kupitia uwanja wa ndege, na ya nne inaelekea Mwenge na Tegeta.

Mahali palipokwama

Mwaka 2018 Dar es Salaam ilipata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu kwa sababu ya mradi huu. Lakini abiria wa Kimara watakuambia upande mwingine. Watu waliongezeka, mabasi yakapungua. Mwanzo yalikuwa 140. Mengine yaliharibika na kusimama bila kutengenezwa, na mafuriko nayo yakala sehemu yake: karakana ya mabasi ilijengwa Jangwani, kwenye bonde la mto Msimbazi, na mvua kubwa ikinyesha maji yanaingia humo na kufunga barabara. Vituo vikajaa, watu wakangoja muda mrefu, wengine wakapanda kupitia madirishani.

Yaani barabara nzuri peke yake haitoshi. Njia ya pekee isiyo na mabasi ya kutosha inabaki saruji tupu, na abiria anarudi kwenye daladala au bodaboda. Yeyote anayeshughulikia usafiri wa mji unaokua kama Baraka, ambako motari ndio wanaobeba watu, anaweza kuona somo hapo: kununua magari ni hatua moja, lakini vipuri, mafundi na mahali pa kuyalaza pasipofurika ndivyo vinavyoamua kama yatatembea mwaka wa tano.

SGR ni kitu kingine

SGR ni reli ya kisasa ya Tanzania, yenye upana wa mita 1.435 kati ya chuma na chuma. Treni zake zinatumia umeme na zinaweza kufika kilomita 160 kwa saa. Ujenzi ulianza mwaka 2017. Abiria wa kwanza walisafiri Dar es Salaam hadi Morogoro tarehe 14 Juni 2024, safari za Dodoma zikaanza tarehe 25 Julai, na Rais Samia Suluhu Hassan akazindua rasmi tarehe 1 Agosti mwaka huo. Dar es Salaam hadi Dodoma ni kama kilomita 460, na treni inatumia chini ya saa nne. Kwa basi ni safari ya karibu siku nzima ya mchana.

Kwa upande wa mizigo, bandari kavu ya Kwala, nje ya Dar es Salaam, ilizinduliwa mwaka 2025 pamoja na treni za mizigo za SGR. Nchi jirani, Congo ikiwemo, zimetengewa maeneo humo, ili kontena zao zisikae katikati ya mji.

Kutoka Dodoma kuja magharibi, vipande vya Makutupora hadi Tabora, na Tabora hadi Kigoma, bado viko mikononi mwa wajenzi. Mkataba wa Tabora–Kigoma, kilomita 506 ukihesabu na njia za kupishania, ulitiwa saini Desemba 2022 na kampuni za China.

Kutoka ziwani mpaka Kariakoo

Basi msafiri wa Baraka anafanyaje? Anavuka ziwa kwa boti hadi Kigoma. Pale ana chaguo mbili za nchi kavu. Ya kwanza ni reli ya zamani, ile nyembamba ya mita 1, iliyojengwa na Wajerumani kuanzia Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Ni kilomita kama 1,250, na treni inalala njiani. Ya pili ni basi. Anayetaka kuonja SGR anaweza kwenda kwa basi hadi Dodoma, kisha apande treni ya umeme.

Kuna mtego mmoja wa majina. Mabasi ya mikoani yanashusha watu kwenye Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, karibu kilomita 20 kutoka katikati ya mji. Treni ya SGR inafika Stesheni ya Magufuli, ambayo iko mjini kabisa. Jina ni moja, mahali ni pawili. Aliyeambiwa "tukutane Magufuli" aulize kwanza: stendi au stesheni? Kutoka Mbezi mtu anaenda mpaka Kimara, halafu mwendokasi unampeleka Gerezani au Kivukoni. Kutoka stesheni ya SGR, Kariakoo haiko mbali.

Reli na Congo: jambo la zamani

Watu wa ziwa la Tanganyika hawaanzi leo kutegemea reli ya ng'ambo. Upande wa Congo, reli kutoka Kabalo ilifika Kalemie, wakati ule ikiitwa Albertville, mwaka 1915. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Ubelgiji na Uingereza walikubaliana mwaka 1921 kwamba Wabelgiji wapewe sehemu zao katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam, kwa kodi ya franga moja tu kwa mwaka. Sehemu hizo zikaitwa Belbase. Mizigo ya mashariki mwa Congo ilishuka Dar es Salaam, ikapanda treni hadi Kigoma, ikavuka ziwa kwa meli.

Tatizo la tangu zamani ni kupakua na kupakia. Reli ya zamani ya Tanzania ina mita 1, reli ya Kalemie ina mita 1.067, na SGR ina mita 1.435. Behewa la moja haliwezi kutembea juu ya nyingine. Kila mahali mzigo unapohamishwa, kuna wabebaji wa kulipa, kuna siku za kungoja, na kuna magunia yanayopasuka. Gharama hiyo inaishia kwenye bei ya sabuni na mabati sokoni.

Je, reli itafika Uvira?

Mpango upo. Mwezi wa kwanza 2025 Tanzania na Burundi walitia saini mkataba wa kujenga SGR kutoka Uvinza, katika mkoa wa Kigoma, hadi Musongati, Burundi, kilomita 282. Ujenzi ulizinduliwa Musongati mwezi wa nane mwaka huohuo. Ramani ya nchi tatu inaendelea: Musongati, Gitega, Bujumbura, kisha Uvira na kuingia ndani ya Congo mpaka Kindu, Maniema.

Lakini mstari kwenye ramani si reli. Kipande cha Uvira–Kindu kinapaswa kupanda milima na kupita sehemu ambazo usalama wake haujatulia, na hakijaanza kujengwa. Na hata treni ikifika Uvira, kutoka pale hadi Baraka kuna karibu kilomita 90 za barabara ya kitaifa nambari 5, RN5, ile yenye matope wakati wa mvua, madaraja yanayotishiwa na mito, na bariere ambako dereva analipa kabla ya kupita. Kontena lililotoka Dar es Salaam hadi Uvira kwa siku chache linaweza kukwama kwenye sehemu hiyo ya mwisho.

Upande wa Kigoma unaweza kuleta mabadiliko mapema zaidi. Siku vipande vya Makutupora–Tabora na Tabora–Kigoma vitakapokamilika vyote, mzigo wa Baraka utabaki na uhamisho mmoja mkubwa, ule wa kutoka treni kwenda boti. Hapo swali litarudi kwa bandari za Fizi zenyewe: kama zina gati la kushushia, ghala lisilovuja, na ushuru unaojulikana na wote kabla boti haijafunga kamba.

Kwa sasa, mwenye safari akumbuke hivi: SGR ya abiria inaishia Dodoma, Kigoma bado ni treni ya zamani au basi, na mwendokasi ni wa ndani ya Dar es Salaam tu.