Faili la Mchimbaji wa Kolwezi

Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga ilipoanzisha mji wa Kolwezi, kusini mwa Kongo, mwaka 1937, uwe makao ya migodi yake ya magharibi, ilikuwa imekwisha kuwa hodari wa kuandika watu. Mfanyakazi alipewa namba, akafunguliwa faili: jina, kijiji, chifu wake, mke, watoto, adhabu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilikuwa ikitoa mikataba ya miaka mitatu na kuhimiza wanaume walete wake zao kambini, basi kalamu ya karani ikafika hadi nyumbani. Posho ilitolewa kwa hesabu ya walaji wa nyumba. Kliniki, mtoto alilazwa kwenye mizani, kilo zake zikaandikwa kwenye kadi.

Kadi hizo zilisaidia kulea watoto, hilo lisikanushwe. Na mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ametumia kumbukumbu za kampuni kusimulia maisha ya wachimbaji na familia zao. Lakini aliyeandikwa hakuwa na sauti juu ya kilichoandikwa.

Serikali ya Rais Mobutu ilitaifisha kampuni hiyo mwaka 1967, nayo baadaye ikaitwa Gécamines. Bwana akabadilika, namba ya kazi ikabaki.

Uzito wa karatasi ulionekana wazi mwaka 2003, pale wafanyakazi 10,655 wa Gécamines walipoondolewa katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Miaka ya jasho iligeuzwa tarakimu, na wengi wakalalamika kwa muda mrefu kwamba hesabu ya malipo yao haikuwa sahihi.

Leo kumbukumbu za kale zimepata wateja wapya. Julai 2025 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitia saini makubaliano na KoBold Metals, kampuni ya Marekani inayotafuta madini kwa akili mnemba, na ndani yake mlikuwa na suala la kuziingiza kwenye kompyuta kumbukumbu za jiolojia zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Jumba hilo likakataa kuikabidhi kampuni binafsi kumbukumbu hizo. Kwa hiyo mawe ya Kongo yamepata wa kuyagombania, kuanzia Kinshasa hadi Ulaya.

Watu je? Mgodi ukiilisha mashine mahudhurio, vipimo vya afya na adhabu za miaka mingi, ili imchague wa kuajiriwa na wa kuachishwa, faili la 1937 litakuwa limerudi, safari hii bila hata karani wa kumuuliza. Tofauti ni kwamba sasa sheria ipo: Kanuni ya Kidijitali ya Kongo ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda taarifa binafsi na kumpa mwenyewe haki ya kuziona na kudai zisahihishwe. Vyama vya wafanyakazi vya Lualaba, mkoa wa Kolwezi, viitumie: viingie kwenye ofisi za waajiri, viombe mafaili, visome kilichoandikwa kabla mashine haijakisoma.