Ujirani wa Viumbe katika Matope ya Kupwa na Kujaa

Wataalamu wa viumbe vya bahari, kwa muda mrefu, waliyachukua waliyojifunza majabalini wakahukumu kwayo mambo ya matopeni, na hukumu hiyo, kwa rai yangu, haikuwa ya insafu. Mwaka 1966 Robert Paine, aliyewaondoa viti vya pweza katika miamba ya Mukkaw Bay, jimbo la Washington nchini Marekani, alieleza jinsi kome, baada ya kuondokewa na adui yao, walivyotanda hata wengine wakakosa pa kushika. Na hujja ile ilikuwa na nguvu, maana juu ya jabali wote hugombea uso mmoja. Lakini Charles Peterson, alipoyapitia mwaka 1979 majaribio ya vizimba katika mchanga na matope, aliona kuwa wanyama waliokingwa na kaa, samaki na ndege aghalabu huongezeka, wala hatokei mmoja wa kuwafukuza wenziwe wote.

Matope yana kina, na mwenye kusongwa huweza kushuka. Mshindani wa huku hamsukumi jirani yake; humvurugia nyumba. Katika Bahari ya Wadden, kwenye pwani za Uholanzi, Ujerumani na Denmark, yuko mnyoo aitwaye Arenicola marina, achimbaye shimo lenye umbo la herufi U, la sentimita 20 hata 40 kwenda chini, akala mchanga kwa upande mmoja, mahali hapo pakabonyea, na kwa upande wa pili akautoa umeviringana kama kamba iliyokunjwa. Corophium volutator, mdudu wa jamii ya uduvi asiyetimia sentimita 2, naye ana kishimo chake cha sentimita chache tu. Mchanga ukipinduliwa juu yake, hana budi kuhama, ijapokuwa mnyoo hakumla wala hana haja naye. Nils Volkenborn na Karsten Reise walifukia wavu wa matundu ya milimita 1 katika kisiwa cha Sylt, ukazuia minyoo hao wasichimbe. Na pale walipokosekana mchanga ulishiba vumbi la matope, maji yakapita kwa shida, na salfaidi, ambayo ni sumu kwa wengi, ikazidi.

Ajabu zaidi ni ya mwaka 1990, upande wa Denmark, kama walivyoieleza Jensen na Mouritsen. Konokono mdogo Peringia ulvae hula mayai ya minyoo bapa yaliyomo katika kinyesi cha ndege. Majira ya joto, minyoo wachanga humtoka kwa wingi wakamwingia Corophium, wakamngoja ndege aje amle. Mwaka ule joto la mapema liliwatoa wengi mno, na Corophium wakaangamia hata matope waliyoyashikilia yakachukuliwa na mawimbi. Mwenye kuwagawa viumbe kuwa walaji, mawindo na washindani amweke wapi ndege huyu, ambaye madhara yake hupitia tumbo la konokono? Kizimba humzuia asidonoe, na mtafiti akaandika kuwa ndege ameondolewa. Ilhali konokono aliyekwisha kula mayai yale yumo ndani ya kizimba, anatambaa.