Umbali kati ya kosa na jibu

Leo naweka kando simu mpya na seva zinazozimika kila Ijumaa jioni. Nataka tuzungumze historia kidogo, kwa sababu kuna swali ambalo limenisumbua tangu nikiwa mwanafunzi.

Mwaka wangu wa kwanza chuoni tulikuwa zaidi ya mia tatu katika somo la kwanza la kuandika programu. Mhadhiri mmoja, ubao mmoja, na maabara yenye kompyuta ambazo nusu yazo hazikuwaka. Zoezi la kwanza tuliliandika kwa kalamu, kwenye karatasi za mistari, tukakusanya, tukangoja. Yangu ilirudi baada ya wiki tatu: nne kwa kumi, na mstari mwekundu chini ya sehemu moja, bila maelezo. Wakati huo nilikuwa nimeshasahau nilichokuwa nikifikiri nilipoiandika. Jamaa niliyeishi naye chumba kimoja alipata mbili. Makosa yake? Alisahau nukta-mkato, na alianza kuhesabu kutoka 1 badala ya 0. Kufikia muhula wa pili alikuwa amehamia kozi nyingine, akisema programu si za watu kama yeye.

Swali lenyewe ni hili: jamaa alishindwa na programu, au alishindwa na kungoja?

Nilipoanza kusoma historia niligundua kwamba kungoja huku kuna umri mrefu. Katika miaka ya 1950, Thomas Kurtz alikuwa mwalimu wa hisabati katika chuo cha Dartmouth, mji wa Hanover, Marekani. Chuo chake hakikuwa na kompyuta. Ilimbidi apande treni na sanduku la kadi za matundu hadi MIT, karibu na Boston, ili programu zikaendeshwe huko. Hebu fikiria: umekosea herufi moja, na marekebisho yanangoja safari nyingine ya treni!

Mwaka 1960, Jack Hollingsworth wa chuo cha Rensselaer, jimbo la New York, alichapisha makala kuhusu programu aliyoitumia kusahihisha programu za wanafunzi. Ndiyo, usahihishaji wa mashine una zaidi ya miaka sitini. Lakini angalia ni nani aliyepata nafuu kubwa. Mwalimu alipunguziwa mzigo wa kusoma kazi moja moja. Mwanafunzi bado alikabidhi kadi zake na kusubiri zamu ya mashine.

Mabadiliko niyapendayo zaidi yalikuja Dartmouth kwenyewe. Kurtz na mwenzake John Kemeny waliamua kwamba kila mwanafunzi, hata wa historia au fasihi, aweze kutumia kompyuta kwa uhuru kama anavyoingia maktaba. Chuo kilipata kompyuta ya GE-225, pamoja na mtambo wa pili, Datanet-30, uliopokea maandishi kutoka kwa watumiaji. Wanafunzi walikaa mbele ya teletaipu, yaani taipureta iliyounganishwa na kompyuta kwa waya. Siri ilikuwa kugawana muda. Ni kama mama wa kibanda mwenye jiko moja: anageuza chapati ya huyu, anakoroga chai ya yule, na kila mteja anaona anahudumiwa. Sehemu kubwa ya programu za mfumo huo iliandikwa na wanafunzi wa shahada ya kwanza. Tarehe 1 Mei 1964, saa kumi alfajiri, watu wawili waliagiza RUN kwa wakati mmoja kwenye teletaipu mbili, na wote wawili wakapata majibu sahihi.

Siku hiyo ndiyo iliyozaliwa BASIC. Kuingia unaandika HELLO, kuendesha unaandika RUN. Programu nzima yaweza kuwa hii:

10 PRINT 7/2
20 END

Kila mstari una namba. Ukikosea mstari wa 10, unaandika 10 tena pamoja na maneno sahihi, na mstari wa zamani unafutika. Hurudii kadi zote, hupandi treni. Kosa linakurudia baada ya sekunde chache, bado wazo liko kichwani. Kufikia mwisho wa mwaka huo, mamia ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wakitumia mfumo huo.

Si wote waliofurahi. Mwaka 1975 mwanasayansi Mholanzi Edsger Dijkstra aliishambulia BASIC vikali, akidai inaharibu akili za wanafunzi. Zamani nilimcheka. Siku hizi simcheki sana, na nitaeleza kwa nini.

Mwaka 2001, Fernando Pérez, mwanafizikia kutoka Kolombia aliyekuwa akisomea uzamifu Marekani, alianzisha IPython, ambayo hukujibu mstari kwa mstari. Mwaka 2011 ikapata daftari la kwenye kivinjari: maelezo, programu na majibu katika ukurasa mmoja. Mwaka 2014 mradi huo ukazaa Jupyter. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilianzisha somo la Data 8 mwaka 2015 kwa madaftari hayo, na baadaye likafikia wanafunzi zaidi ya 1,000 katika muhula mmoja. Mwanafunzi anahitaji kivinjari tu, kazi nzito iko kwenye seva, na majaribio humwambia papo hapo kama amekosea.

Nami nilijaribu. Nilisaidia chuo kimoja kuweka Jupyter kwenye seva ya kukodi yenye RAM ya GB 16. Ilitosha wanafunzi 60 kwa wakati mmoja, mradi kila mmoja awe na mpaka wake wa kumbukumbu. Siku niliyosahau kuweka mpaka, kitanzi kisicho na mwisho cha mwanafunzi mmoja kiliangusha darasa zima. Hilo lilirekebishika kwa dakika kumi. Gumu lilikuwa jingine: kijana mmoja aliendesha majaribio zaidi ya mara arobaini, akibadilisha namba ovyo hadi yakakubali. Nilipomuuliza kwa nini jibu ni sahihi, akanyamaza. Hapo nilimkumbuka Dijkstra. Tangu wakati huo tunamtaka kila mwanafunzi aandike kwanza kwa maneno yake anachotarajia kuona, ndipo aendeshe. Majaribio ya ovyo yamepungua.

Kwa hiyo, mhadhiri mwenye darasa la mia tatu akiniuliza anunue nini kwanza, namwambia apime muda ambao mwanafunzi wake hungoja kati ya kosa na jibu. Kama ni wiki tatu, aanzie hapo.

Na yule jamaa? Mwezi uliopita nilimtumia kiungo cha daftari moja. Anauza vifaa vya ujenzi siku hizi. Usiku ule alinitumia ujumbe: "Kumbe orodha huanza na sifuri? Mbona hakuna aliyeniambia?"

Sikuwa na la kumjibu.