Somo Nililofeli Milimani

Katika miaka niliyokuwa mwalimu mkuu, na baadaye nilipofundisha chuo cha ualimu, vijana wengi waliofeli waliletwa mbele yangu. Karibu kila mmoja alisimama akitazama chini, akiwa amekwisha kujihukumu kabla sijafungua kinywa. Niliwafahamu kuliko walivyodhani. Mwaka 1972 mimi mwenyewe nilifeli mazoezi ya kufundisha, na pasipo kufaulu mazoezi hayo mwanachuo hapewi cheti, hata kama masomo mengine yote ameyashinda. Nilifeli katika milima ya Uluguru, na aliyeniinua ni bibi mmoja ambaye hakuwahi kukaa darasani. Kisa hiki kimefungamana na historia ya milima ile, nami nitavisimulia vyote viwili pamoja.

Mimi ni mzaliwa wa Singida, nchi ya tambarare. Nilipofika Morogoro kusomea ualimu wa Daraja la Tatu A, ndipo kwa mara ya kwanza nilipoona watu wakilima mahali ambapo mimi nilihitaji kushika majani ili nisianguke. Kwa mazoezi nilipangiwa shule ya msingi ya kijijini, upande wa Matombo, mashariki ya milima. Siku mkufunzi alipokuja kunikagua nilikuwa na kipindi cha historia, darasa la sita. Andalio la somo lilikuwa safi, ubao umepigwa mistari, chaki za rangi zimepangwa.

Nikaeleza kwamba serikali ya Waingereza iliwaamuru Waluguru wachimbe matuta ya ngazi ili udongo usichukuliwe na mvua, na kwamba wananchi waliyakataa kwa kuwa hawakujua faida yake. Msichana mmoja akanyosha mkono. "Mwalimu, bibi yangu aliyakataa. Anasema shamba lilikufa." Nikamjibu kwamba bibi yake hakubahatika kusoma, nikaendelea. Tangu hapo hadi kengele ilipolia hakuna mtoto aliyenyosha mkono tena.

Baada ya kipindi mkufunzi aliniuliza swali moja tu: "Ulimwuliza yule mtoto shamba lilikufaje?" Nikasema hapana. Akaandika kwamba sikufaulu, na kwamba atarudi baada ya wiki tatu. Nikishindwa tena, nitarudi kwetu bila cheti.

Baba yangu alikuwa ameuza ng'ombe wawili ili nipate nauli, sanduku na viatu. Nyuma yangu walikuwapo wadogo zangu wanne waliokuwa wakiusubiri mshahara wangu wa kwanza. Kwa siku tatu sikumwambia mtu. Mwalimu mkuu aliponiuliza ukaguzi ulikwendaje, nilijibu, "Salama tu, mzee." Usiku nilipiga hesabu ya fedha nilizokuwa nazo, kama zingenifikisha Dar es Salaam nikatafute kibarua bandarini. Mwenzangu wa chuo tuliyekuwa tukilala chumba kimoja alisikia nikifunga sanduku gizani. Hakunikemea wala hakunibembeleza. Alisema, "Ukitaka kwenda, nenda. Lakini mwambie kwanza mtu mzima mmoja."

Asubuhi nilimwambia mwalimu mkuu, pamoja na uongo wangu wa siku tatu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Jibu la swali lile sinalo mimi wala chuo chako. Jumamosi yule mtoto atakupeleka kwa bibi yake. Chukua jembe, daftari liache hapa."

Nilimkuta bibi shambani. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," akanionyesha pa kuchimba. Mahali pa kwanza palikuwa pembeni, pasipowahi kuguswa na matuta. Udongo mweusi ulikuwa wa kina kama kiganja cha mkono, na chini yake mwekundu mgumu. Kisha akanipeleka kwenye masalio ya tuta la zamani. Pale ule mwekundu ulikuwa juu kabisa. "Walituambia tugeuze, tukageuza," alisema. "Udongo wa kula ukaenda chini, udongo wa kufinyangia vyungu ukabaki juu. Mahindi yakatoka manjano. Tukisema, tunaambiwa wavivu."

Mengi ya yale aliyonieleza siku ile niliyakuta vitabuni miaka ya baadaye. Baada ya Vita Kuu ya Pili, watawala wa Kiingereza walishikwa na hofu ya mmomonyoko wa ardhi katika Afrika Mashariki yote. Huko Mlalo, katika milima ya Usambara, mpango wa kuhifadhi udongo ulianza mwaka 1946. Kenya nako watu wa Murang'a walilazimishwa kuchimba matuta, na mwaka 1948 wanawake walijitokeza kuyagomea. Uluguru ilipata mpango wake wa matumizi ya ardhi katika miaka hiyo hiyo. Kila mwenye nguvu, mume kwa mke, alitakiwa kuchimba matuta kwa siku zilizowekwa, na aliyekaidi alitozwa faini. Amri ilipitishwa kwa masultani na wandewa wa Kiluguru, ambao kwa hiyo wakaanza kuonekana kuwa watumishi wa mkoloni dhidi ya watu wao.

Ugumu wa kwanza ulikuwa udongo wenyewe, kama nilivyoonyeshwa kwa jembe. Ugumu wa pili ulikuwa ardhi ni ya nani. Uluguruni ardhi ni ya ukoo, nao ukoo hufuatwa kwa mama. Wengi hulima kwa ruhusa katika ardhi ya ukoo usio wao. Tuta ni kazi ya kudumu, na mtu akiacha kazi ya kudumu katika ardhi ya wenzake, kesho atadai nini? Mwenye ardhi aliogopa kunyang'anywa, na mlimaji aliogopa kuchimba kisha afukuzwe. Hayo yote bibi aliyasema kwa maneno machache: "Walipima mlima, hawakupima udugu."

Mwezi wa Julai 1955 hasira ilifurika. Watu wengi walikusanyika Matombo, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akauawa. Baada ya hapo serikali iliacha kuwalazimisha watu kuchimba. Wakati huo TANU, iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954, ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na milimani ilipata wasikilizaji waliokwisha kuandaliwa na jembe la lazima.

Haki inanitaka niseme na upande wa pili. Maradhi ambayo wataalamu wale waliyaona yalikuwapo kweli. Mto Ruvu unapata maji yake milimani humo, na Dar es Salaam inayanywa hadi leo. Miteremko ile ikiachwa wazi, mvua huiteremsha mtoni. Tena matuta yenyewe si kitu kibaya mahali pote. Upande wa Mgeta, magharibi, watu wanalima mboga juu ya matuta, wakiyatia samadi na kuyamwagilia, kwa sababu soko la mboga linalipa jasho hilo. Hata bibi yangu wa Matombo alikuwa na njia yake: magugu aliyong'oa aliyalaza kwa mistari kukingama mteremko, yakazuia udongo kidogo kidogo. Alikuwa mhifadhi wa udongo tangu zamani, na hakuna aliyemwuliza.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nilifeli. Maofisa wale walijua somo lao, lakini walimwona aliyekataa kuwa ni mjinga, wakaongeza sauti. Mimi nami, mbele ya watoto arobaini, nilifanya vivyo hivyo. Lililonitia aibu zaidi ni kwamba nilikuwa nimekariri Elimu ya Kujitegemea, andiko la Mwalimu Nyerere la Machi 1967, na kupata alama nzuri katika mtihani wake. Humo Mwalimu analalamika kwamba shule zinawafundisha watoto kuidharau hekima ya wazee wasiosoma. Nililijua neno hilo kwa moyo, na darasani nikalivunja kwa sentensi moja.

Mkufunzi aliporudi, nilikuwa nimewaagiza watoto walete udongo wa aina mbili, mweusi na mwekundu. Yule msichana alieleza habari za bibi yake mbele ya darasa, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kisha nikauliza, "Na mvua ikinyesha pasipo matuta wala majani, udongo unakwenda wapi?" Wakajibu kwa pamoja, "Ruvu!" Wakaanza kubishana wao kwa wao, na kengele ikalia bado wanabishana. Alama nilizopata hazikuwa za kujivunia. Lakini nilifaulu.

Haikupita miaka mingi nikayaona tena yale yale. Kati ya 1973 na 1976, katika Operesheni Vijiji, watu wengi wa nchi yetu, sasa iliyo huru, walihamishwa kwa nguvu kutoka katika makazi yao kwa nia iliyosemwa kuwa njema. Nilimkumbuka bibi na masalio ya tuta lake. Inaonekana somo hili hufeliwa na serikali yoyote, ya mgeni na ya mwenyeji, kama linavyofeliwa na mwalimu yeyote.

Basi kijana aliyefeli alipoletwa ofisini kwangu, nilimpa kiti kwanza. Nilimwuliza: umemwambia nani? Mara nyingi jibu lilikuwa hakuna, nami nilijua siku hizo za kunyamaza zinavyomla mtu kuliko alama yenyewe. Kisha nilimwomba anieleze ni wapi hasa alipokosea, maana "nimefeli" ni neno pana mno na halitibiki; kosa lenye mahali pake hutibika. Mwisho nilimtaka afikiri ni nani anayelijua jambo lile, asiangalie cheo chake wala mavazi yake.

Mwezi wa Desemba, kabla ya kurudi Singida, nilipanda tena Matombo na kilo mbili za sukari kumwaga bibi. Nilimwambia nimefaulu. Alifurahi, akaipokea sukari kwa mikono miwili, kisha akauliza, "Na yule aliyekufelisha, umemshukuru?"

Sikuwa nimemshukuru. Niliposhuka mjini nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwake.